Geji ya mafuta inayodanganya na tangi linalovuja kwenye Land Rover Series: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu Land Rover Series II, IIA na III, yaani zile za 1958 hadi 1985, zenye tangi la takriban lita 45 chini ya kiti cha kulia. Kwa gari la usukani wa kulia, kama yalivyo karibu yote ya Kenya, Tanzania na Uganda, dereva ndiye anayekalia petroli. Station Wagon ndefu ya inchi 109 ina tangi la nyuma, nayo ina swali lake hapa chini. Umeme wa geji ni wa kampuni ya Smiths na rangi za nyaya ni za kampuni ya Lucas, kwa hiyo mengi yaliyomo yanafaa pia kwa magari mengine ya Kiingereza ya enzi hiyo.

Nitajuaje geji yangu ni ya aina gani, na kwa nini nijue?

Washa swichi bila kuwasha injini, kisha utazame mshale. Ukiruka papo hapo na kutikisika gari linapopita kwenye mashimo, hiyo ni geji ya zamani ya sumaku. Ukipanda polepole kwa sekunde kadhaa na kutulia, ni geji ya joto, ambayo ndani yake kuna ukanda wa metali mbili unaojikunja umeme ukiupasha. Series III zote zina hii ya pili, na hata IIA za mwishomwisho.

Aina hizi mbili zinafanya kazi kinyume. Geji ya joto huonyesha tupu ukikatika waya wa floti, yaani kifaa chenye boya kilicho kwenye tangi kinachopima mafuta, na huonyesha kujaa waya huo ukigusa bodi. Geji ya sumaku hufanya kinyume chake: waya ukikatika inasoma kujaa, ukigusa bodi inasoma tupu. Floti zao nazo hazibadilishani. Floti ya geji ya joto ina ukinzani wa takriban omu 240 hadi 260 tangi likiwa tupu, na omu 20 hadi 30 likijaa. Ile ya zamani huanzia karibu na sifuri na kupanda hadi omu 70 au 80 hivi. Floti nyingi mpya zinazolaumiwa kuwa mbovu ni nzima kabisa, ila ni za geji ya aina nyingine.

Mshale umelala kwenye tupu hata nikijaza tangi. Ninunue floti?

Bado. Anza na vitu visivyo na gharama. Hatua zifuatazo ni za geji ya joto.

Tazama geji ya joto la maji kwanza. Kama nayo imekufa, tatizo haliko kwenye tangi. Liko kwenye fyuzi, waya wa kijani unaoleta umeme, au kidhibiti cha volti nyuma ya dashibodi. Kama geji ya maji ni nzima, inua mto wa kiti, fungua kifuniko cha bati cha sanduku la kiti, utaiona floti juu ya tangi. Waya wa kijani wenye mstari mweusi ndio unaotoka kwenye geji.

Zima swichi na uchomoe waya huo. Pima kwa multimeta kati ya terminali ya floti na bati la floti lenyewe. Ukipata kitu kati ya omu 20 na 260 kinacholingana na mafuta yaliyomo, floti ni nzima. Kisha pima kati ya terminali hiyohiyo na chuma kitupu cha chesisi. Namba ikipanda sana au ikikosekana, ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye chesisi, ndiyo mbovu. Kwenye gari la umri huu ethi ndiyo mshukiwa wa kwanza: bodi ni ya alumini, chesisi ni ya chuma, tangi limepakwa rangi mara kadhaa, na bolti zinazolishika zina kutu. Vuta waya mweusi wa milimita 1.5 za mraba kutoka skrubu moja ya floti hadi kwenye chesisi, kwangua rangi pale unapoufunga, na kazi imekwisha.

Kama floti na ethi vyote ni vizima, pima waya wenyewe. Mbali na tangi, funga kizuizi cha umeme (rezista) cha omu 68 kati ya ule waya wa kijani na mweusi na ethi, kisha washa swichi. Mshale ukipanda hadi karibu na nusu, geji na waya ni vizima. Mafundi wengi hugusisha waya moja kwa moja kwenye bodi ili kuona kama mshale utapanda. Inaonyesha kweli, lakini ukiacha hivyo kwa zaidi ya sekunde chache unaunguza geji, na cheche juu ya tangi la petroli ni jambo ambalo hakuna fundi anayepaswa kulizoea.

Geji ya mafuta na ya joto la maji zote zinasoma juu kupita kiasi.

Hicho ni kidhibiti cha volti, wala usiguse tangi. Ni kiboksi kidogo cha bati chenye terminali B inayopokea umeme wa betri na terminali I inayopeleka kwenye geji. Kazi yake ni kuzipa geji wastani wa volti 10, na hufanya hivyo kwa kukata na kuunga umeme mfululizo. Ndiyo maana multimeta ya dijiti huonyesha namba zinazorukaruka. Tumia taa ya majaribio, ambayo itawaka na kuzima kama kidhibiti kinafanya kazi. Ikiwaka moja kwa moja, kidhibiti kimeganda au kimekosa ethi, na geji zinapata volti zote za betri. Kwangua pale kinapofungwa kabla ya kukihukumu.

Ukikibadilisha, sakiti ya 7810 inafanya kazi ileile na hupatikana kwa bei ndogo kwenye duka lolote la vipuri vya elektroniki. Ukiitazama kwa mbele miguu ikiwa chini, mguu wa kushoto ni umeme unaoingia, wa katikati ni ethi, wa kulia ni volti 10. Weka kapasita ya mikrofaradi 0.33 kwenye upande wa kuingia na 0.1 kwenye upande wa kutoka. Bati lake limeungana na mguu wa ethi, kwa hiyo lifunge kwenye chuma lipoe. Haya yote ni kwa gari lenye hasi kwenye bodi. Land Rover za zamani, takriban kabla ya 1967, zilitoka kiwandani na chanya kwenye bodi. Angalia kebo za betri kabla ya kuunga chochote, maana 7810 ikiungwa kinyume haikupi nafasi ya pili.

Nifungueje floti bila kuharibu kitu?

Ngoja tangi liwe chini ya nusu. Egesha nje, mbali na jiko, mtu anayevuta sigara au mashine ya kuchomelea, na toa kebo ya betri. Puliza vumbi na mchanga wote juu ya tangi, kisha pitisha kitambaa chenye unyevu. Kila chembe itakayoanguka ndani utakutana nayo baadaye kwenye kabureta. Chora alama ya rangi kwenye floti na kwenye tangi ili irudi upande uleule. Mkono wa boya ukigeuka utagusa ukuta wa tangi au bomba la kunyonyea, na mshale utaganda.

Skrubu ndogo sita zinaishika. Zipulizie mafuta ya kulainisha kutu usiku uliotangulia. Bisibisi ijae kwenye mfereji wa skrubu sawasawa, ikicheza, itaula. Floti ikilegea, iinue huku ukiinamisha ili boya lipite kwenye tundu bila kupinda mkono. Funika tundu mara moja kwa bati au kitambaa kisicho na nyuzi.

Floti inaweza kutengenezwa?

Mara nyingi ndiyo, na floti ya zamani ya Smiths iliyotengenezwa vizuri huishinda mpya ya bei nafuu.

Ndani ya kiboksi chake kuna waya mwembamba sana uliozungushwa kwenye kipande bapa, na ulimi wa shaba unaoteleza juu yake. Funga multimeta na sogeza boya polepole kutoka chini hadi juu. Omu zishuke kwa utaratibu. Zikirukaruka, kuna uchafu: nyunyiza kisafishio cha viunganishi vya umeme au spiriti, sugua kwa kifutio cha penseli, halafu kunja ulimi kidogo sana ili ukandamize vizuri. Usitumie msasa, waya ni mwembamba kuliko unywele na hautastahimili. Zikipotea kabisa mahali pamoja, waya umekatika pale. Ukikatika mwishoni, unaweza kulehemiwa tena. Ukikatika katikati kwa kusuguliwa miaka mingi, hapo tafuta floti nyingine.

Boya la shaba litumbukize kwenye maji ya moto. Hewa iliyo ndani inatanuka na viputo vinakuonyesha tundu. Ukilitikisa ukasikia petroli ndani, panua tundu kwa ncha ya sindano, limimine, kisha liache kwenye maji ya moto yaliyoepuliwa na juani hadi lisinuke kabisa. Ndipo ulilehemu kwa pasi ya umeme, tone dogo tu. Lehemu nyingi huongeza uzito, na boya zito huzama kidogo na kufanya geji isome pungufu siku zote. Boya la plastiki lililopasuka lisibandikwe gundi, badilisha.

Nimeweka floti mpya. Inasoma nusu wakati tangi limejaa.

Kwanza hakikisha ni ya aina sahihi, kwa zile omu zilizotajwa juu. Kama ni sahihi, mkono wake unahitaji kukunjwa. Usifanye kwa kubahatisha. Shika floti kando ya gari tundu la tangi likiwa limefunikwa, unga waya wake na ethi, washa swichi, na sogeza boya kwa mkono. Subiri mshale utulie kila mara, geji ya joto ni mvivu. Kisha pima kina cha tangi kwa kijiti safi kupitia tundu la floti, na kunja mkono hadi boya likiwa sentimita mbili hivi juu ya sakafu ya tangi mshale uguse tupu.

Usahihi wa upande wa tupu ndio wenye maana. Mshale ukisimama chini kidogo ya kujaa, hilo halijamwacha mtu njiani.

Petroli inanuka ndani ya gari lakini sioni tone.

Panguza tangi likauke kabisa na upake unga wa chaki kwenye kingo, kuzunguka floti na kwenye viungo vya mpira. Endesha nusu saa kisha tazama palipolowa. Saa ambayo harufu inatokea nayo inasema mengi.

Ikija ukijaza au punde baada ya kujaza, ni mpira mnene wa kujazia au ule mwembamba wa kupumulia, yote nyuma ya kiti. Hupasuka upande wa chini usioonekana; ikunje kwa mkono uone nyufa. Ikija tangi likiwa limejaa na gari liko mlimani au kwenye kona, ni gasketi ya floti. Gasketi ya koki (cork) ikikauka hunywea na skrubu zinalegea. Weka ya mpira unaostahimili petroli, na kaza skrubu kwa mpangilio wa kukabiliana, kidogokidogo. Usitumie silikoni ya kawaida ya gasketi: petroli inaivimbisha na vipande vyake huishia kwenye chujio. Tone la kudumu chini huwa ni washa ya kizibo cha kumwagia, au mshono wa ukingo, ambako matope hukaa na kula bati.

Kuna uvujaji mwingine usiodondosha kitu. Bomba la kunyonyea linatokea juu ya tangi, na kiungo chake kikilegea pampu inavuta hewa badala ya petroli. Gari linakosa nguvu kwenye mlima au linakataa kuwaka asubuhi. Tazama kikombe cha kioo cha pampu injini ikizunguka: viputo mfululizo ndio ushahidi.

Sabuni inaziba kweli?

Inaziba. Sabuni ya mche haiyeyuki kwenye petroli, ndiyo maana madereva wa mbali hutembea nayo. Kanda kipande kikavu hadi kilainike, kisha sukumia kwenye ufa kwa dole gumba. Itakufikisha mjini. Mvua na maji ya barabarani huiondoa, kwa hiyo isihesabiwe kama tengenezo. Gundi ya chuma ya sehemu mbili ni bora zaidi, lakini haishiki kwenye bati lenye unyevu wa petroli: punguza mafuta hadi chini ya tundu, kwangua hadi chuma king'ae, futa kwa spiriti, ndipo ubandike.

Fundi anasema atachomelea tangi likiwa na maji ndani, au kwa kupitisha moshi wa ekzosti. Nimruhusu?

Hapana. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa. Mvuke wa petroli hulipuka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi ya hewa, na kiasi hicho hutoka kwenye mabaki kidogo tu yaliyojificha kwenye mshono, ambayo moto wa kuchomelea ndio huyaamsha. Moshi wa ekzosti unaweza kubeba hewa isiyoungua, na hauwezi kupimwa kwa macho. Maji hayasaidii kitu kwenye nafasi iliyobaki juu yake. Tangi la dizeli nalo si salama: dizeli ikipashwa moto hutoa mvuke unaolipuka.

Tundu dogo halihitaji kuchomelewa. Mpelekee fundi rejeta, analehemu kwa bati na risasi, kwa joto la chini sana na bila mwale wa moto kwenye tangi. Hata hivyo tangi lisafishwe kwanza. Ondoa floti, bomba la kunyonyea na kizibo. Osha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, tikisa, mwaga, rudia angalau mara tatu. Halafu ingiza mvuke wa maji kutoka chombo kilicho mbali na moto, kwa saa kadhaa, hadi bati lote liwe la moto na hakuna harufu inayotoka. Likipoa na harufu ikarudi, anza upya.

Kiraka kikatwe kwenye bati jembamba, kipite ukingo wa tundu kwa sentimita 2 kila upande, pembe zake ziwe mviringo. Bati la tangi na kiraka vyote vipakwe lehemu kwanza kila kimoja peke yake, kisha viunganishwe kwa chuma cha kulehemia kilichopashwa kando. Dawa ya kulehemia ni asidi, ioshwe kwa maji yenye magadi, la sivyo itakula bati pembeni ya kiraka kipya.

Nimwageje lita 40 bila balaa?

Tumia pampu ya mkono au kizibo cha chini, kamwe usinyonye kwa mdomo; petroli kidogo ikiingia mapafuni inatosha kumlaza mtu hospitali. Tumia madumu ya chuma yaliyowekwa chini ardhini, si juu ya bati la pikapu. Kizibo kilichoshika kutu kipulizie mafuta siku mbili mfululizo kabla ya kukilazimisha, kwa sababu kikitoka na kipande cha tangi umejiongezea kazi.

Ndani kuna kutu. Nisafishe na nini?

Asidi ya sitriki, gramu 50 kwa lita. Tangi zima linataka kilo 2 na robo. Tia kwanza mnyororo mdogo, tikisa kutu nzito itoke, toa mnyororo, kisha jaza mchanganyiko ukiwa vuguvugu na uache saa 12 hadi 24. Mwaga, suuza, na pitisha maji yenye magadi kuua asidi. Kuanzia hapo una dakika chache tu kabla kutu ya rangi ya chungwa haijarudi: suuza kwa lita moja ya spiriti inyonye maji, kausha kwa hewa ya moto, kisha zungusha mafuta kidogo ya injini ndani au tia petroli siku hiyohiyo.

Dawa za kupaka ndani zinafaa kwa tangi lenye vitundu vingi visivyoonekana, kwa sharti kwamba ndani ni pasafi na pakavu kabisa. Zikipakwa juu ya kutu au mafuta, zinabanduka kama ngozi na kuziba bomba la kunyonyea. Wenye gari Uingereza waangalie jambo jingine: tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida kule ni E10, yenye hadi asilimia 10 ya ethanoli, na dawa nyingi za zamani pamoja na mipira ya zamani haziivumilii. Mpira ulioandikwa SAE J30 R9, ambayo ni alama ya kiwango cha mipira ya mafuta, unaivumilia.

Nitajaribuje tangi kabla ya kulirudisha?

Ziba matundu yote, paka maji ya sabuni, na pampu hewa kwa pampu ya baiskeli hadi 0.2 ba tu, yaani psi 3. Usiunge kompresa, tangi ni bati jembamba na litavimba au kupasua mshono kabla hujafika kwenye swichi.

Tangi la nyuma la Station Wagon lina tofauti gani?

Ni kubwa zaidi, karibu lita 70, na linapigwa na mawe na matope ya magurudumu. Waya wa floti unasafiri urefu wote wa chesisi, kwa hiyo hapo waya uliokatika au kuchubuka ni wa kawaida kuliko floti mbovu. Umeme wake unapimwa kwa hatua zilezile.

Gari langu lina matangi mawili na geji moja.

Badilisha nyaya za floti mbili pale kwenye swichi ya kuchagulia. Kosa likihamia upande wa pili wa swichi, swichi na geji ni vizima na tatizo liko kwenye waya au floti uliyoihamisha. Likibaki upande uleule wa swichi, safisha swichi yenyewe.

Ni wakati gani tangi halistahili kutengenezwa tena?

Piga sakafu yake kwa mpini wa bisibisi kuzunguka mshono wote. Bati zima linalia. Lililoliwa linatoa sauti butu au linabonyea. Likibonyea mahali zaidi ya pawili, nunua jipya. Kabla hujalifunga, pima kina cha jipya na cha zamani, na ulinganishe tundu la floti na la bomba la kunyonyea. Safisha mabaki ya kiwandani ndani kwa petroli kidogo, na ubadilishe mipira, gasketi na washa zote pamoja nalo.